UZI MAALUMU: Umemchukua mbwa aliyetoka kwenye njaa na mnyororo? Mpe nafasi kwanza, mapenzi yatafuata

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za saa hizi. Nimeona nianzishe uzi huu kwa sababu hakukosi mtu anayelalamika kwamba amemchukua mbwa aliyekuwa amefungwa uani kwa watu, amemwogesha, amemlisha, amemtafutia godoro, na shukrani aliyopata ni kungurumiwa. Wengine wanamrudisha hata wiki haijaisha. Nimelea mbwa wa namna hii zaidi ya mmoja, na niliye naye sasa anaitwa Popi. Ninachokiona ni kwamba mara nyingi mbwa mwenyewe hana kasoro. Amependwa kwa kasi asiyoiweza, basi.

Hebu kaa upande wake. Kule alikokuwa alijua kila kitu, hata kama chote kilikuwa kibaya: mnyororo unaishia wapi, teke linatokea upande gani, chakula kinakuja wakati gani kama kinakuja. Kwako hajui lolote. Sauti ngeni, sakafu inateleza, mlango unajibamiza, halafu mtu mzima anamwinamia, anamkazia macho na kumwonyesha meno akidhani anatabasamu. Kwa mbwa, kuinamiwa na kukaziwa macho ni vitisho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu kaumwa na nyoka wengi.

Kwa hiyo mwanzoni kazi yako kubwa ni kutofanya mambo mengi. Mchagulie pembe moja tulivu ambayo watu hawapiti, weka kitu cha kulalia na maji, na iwe sheria ya nyumba nzima kwamba akiwa pale hakuna wa kumgusa, kumwita wala kumvuta. Kama ana boksi au banda la ndani, mlango ubaki wazi. Wageni wanaotaka kuja kumwona wasubiri. Usimpeleke kutembezwa mtaa mzima kumwonyesha dunia. Dunia ameshaiona, na ndiyo hiyo iliyomfikisha hapo.

Popi alipokuja alikuwa na mstari shingoni usioota manyoya, mahali mnyororo ulipokaa. Nikimwekea bakuli hakulisogelea nikiwa nimesimama. Nikikaa chini mbali, nikampa ubavu na kutazama kwingine, alikuja akitambaa: shingo imenyooka hadi kwenye chakula, miguu ya nyuma imebaki kule ilikokuwa, misuli ya mapaja inatetemeka tayari kwa kukimbia. Akidaka tonge anarudi nalo pembeni kulila. Sikumsemesha. Siku zilivyokwenda ile miguu ya nyuma ikaanza kusogea yenyewe, hadi akawa anakula mwili wote ukiwa pamoja. Anayemwangalia mbwa usoni tu angesema hakuna kilichobadilika.

Jifunzeni kusoma mwili, ni muhimu kuliko kumfundisha kukaa. Mkia uliofyatwa kila mtu anaujua. Lakini mbwa anayejilamba midomo wakati hakuna chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, au aliyeganda ghafla unapomgusa, huyo anakuambia ondoka kidogo. Na kutikisa mkia si lazima iwe furaha. Mkia ulioinuka juu, mkakamavu, unaotikisika kwa haraka fupifupi, ni wa mbwa aliyepandwa na wasiwasi au anayejiandaa kwa shari.

Walezi wengi wana kanuni ya tatu tatu: siku tatu za mshtuko, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kuanza kuona hapa ni kwake. Ichukueni kama dira tu, kwa maana mbwa hasomi kalenda. Wapo wanaolala chali siku ya pili, na wapo ambao mwaka unapita bado wanaruka kiti kikisogezwa. Inategemea sana utotoni mwake alipitia nini. Kati ya wiki ya 3 na kama ya 12 au 14 tangu kuzaliwa ndipo kijibwa hujifunza kwamba watu, watoto, vyombo na kelele ni vitu vya kawaida. Aliyeupitisha muda huo kwenye kibanda cha giza anaweza kuboreka sana, lakini msitegemee awe kipenzi cha kila mgeni.

---

Kisiki

Mkuu nakuheshimu ila hapa unadekeza. Mbwa lazima ajue nani bosi tangu siku ya kwanza. Akinguruma, mlaze chini umshikilie mpaka asalimu amri. Wale wameumbwa kuwa na kiongozi wa kundi, usipokuwa wewe atakuwa yeye.

---

Mwanzisha uzi

Kisiki, hiyo hadithi ya kiongozi wa kundi ina historia yake. Ilipata nguvu kutokana na uchunguzi uliochapishwa 1947 wa Rudolph Schenkel, aliyewatazama mbwa mwitu (wolf) waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama. Waligombana, naam, hawakuwa na pa kwenda. Baadaye David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu wa Marekani aliyesaidia kuieneza dhana hiyo, akakaa na mbwa mwitu walio huru na kukuta kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Mwaka 1999 akaandika kwamba kuwaita wazazi hao "alfa", yaani wababe wa kundi, hakuna maana. Mwenye hoja yake ameshaiacha, sisi bado tunawalaza mbwa chini.

Halafu tuache vitabu. Umemlaza chini mbwa aliyezoea kupigwa. Amejifunza nini? Kwamba hofu yake ilikuwa sahihi. Na kunguruma ni onyo, tena onyo la heshima. Ukimwadhibu kila akinguruma ataacha kunguruma, hofu itabaki palepale, na siku moja atauma bila kutoa sauti. Kisha utasikia watu wanasema "ameuma ghafla tu".

---

Kisiki

Sawa, la bustani ya wanyama sikulijua. Lakini akinguruma mimi nifanye nini, nimshukuru?

---

Mwanzisha uzi

Karibu na hapo, hahaha. Simama, usimkaripie, rudi nyuma hatua moja au mbili kwa utulivu, halafu jiulize kilichomtisha. Kesho anzia mbali zaidi ya pale. Mipaka nayo ipo, sijasema asiwekewe. Popi hapandi vitandani na haruhusiwi jikoni, na hilo amelijifunza kwa mlango kufungwa, hakuna aliyemkandamiza.

---

Mganga wa Kuku

Naongeza la afya, maana kazi yangu ni ya mifugo na hapa ndipo watu wenye huruma wanapoua mbwa kwa chakula.

Mbwa aliyekonda hadi mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga vinahesabika, USIMJAZIE BAKULI. Mwili ulioshinda njaa muda mrefu unaendeshwa na mafuta na misuli yake wenyewe, na akiba ya madini imebaki kidogo. Chakula kingi kikiingia kwa mkupuo, insulini inapanda na kuyasukuma madini ya fosforasi, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Kwenye damu yanaporomoka, misuli inalegea, moyo unapoteza mapigo yake. Mbwa anakufa siku chache baada ya kuanza kushiba, na mwenyewe anabaki kusema alikuwa anaendelea vizuri.

Hesabu tunayoanzia ni ya nishati ambayo mwili unahitaji ukiwa umetulia: 70 mara uzito wa kilo uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75. Kwa mbwa mwenye kilo 10 inakuja karibu kalori 400 kwa siku. Aliyedhoofu sana hapewi zote siku ya kwanza. Tunaanza na robo au theluthi, tunagawa milo midogo minne hadi sita, na kupandisha taratibu kwa siku kadhaa. Pimeni kwa uzito alio nao sasa, si ule mnaotamani awe nao. Na huyu wa mifupa mitupu aonwe na daktari kwanza, ikiwezekana damu ipimwe, kwa sababu kwake hata kosa dogo halina msamaha.

Fungua mdomo utazame ufizi. Unatakiwa uwe wa waridi. Bonyeza kwa kidole ugeuke mweupe, ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ufizi uliopauka kwa mbwa wa namna hii mara nyingi ni minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, au homa za kupe. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia au damu ikitoka puani, usisubiri kesho. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo msimpime kwa kiganja mkasema ana homa.

Kupe na viroboto: kutibu mbwa peke yake ni nusu ya kazi. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba. Jike hudondoka, hujificha kwenye ufa wa ukuta na kutaga mayai kwa maelfu. Kwa hiyo matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, nyufa zishughulikiwe. Kama nyumbani kuna paka, soma kibandiko cha dawa: permethrini ya mbwa inaua paka. Na ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, msimchome mbwa wenyewe kwa kukadiria. Mbwa wa jamii ya koli na wengine wenye hitilafu fulani ya jeni, dozi ambayo mwingine anaivumilia inawapeleka kwenye kukosa fahamu.

Ukurutu uko wa aina mbili kubwa. Mmoja unawasha kupita kiasi na unaweza kukurukia wewe ukapata vipele kwa muda, mwingine hauambukizi watu. Kwa macho huwezi kutofautisha, ngozi inakwanguliwa na kutazamwa kwenye hadubini. Oili chafu ya gari HAITIBU. Inaunguza ngozi, na mbwa akijilamba anaimeza.

La mwisho, chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama historia yake haijulikani, mhesabu kuwa hajachanjwa. Na akikuuma au kukukwaruza hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu ugonjwa huu karibu hauna kupona.

---

Kinyonga

Daktari asante, ila hapo kwenye kukwangua ngozi nimejikuna mwili mzima 😂

---

Mama Wawili

Jamani nina swali na lina haraka. Tumemchukua jike la makamo, mpole mno, watoto wanampenda. Lakini ukipita karibu na bakuli lake anaganda, anakula mbiombio na kunguruma. Mume wangu anasema tumnyang'anye bakuli kila akila ili azoee. Watoto wangu mmoja ana miaka minne, mwingine saba. Naogopa.

---

Mwanzisha uzi

Dada, shemeji aiache kabisa hiyo ya kumnyang'anya. Mbwa wako ana hofu kwamba watu wanaokaribia bakuli wanakuja kuchukua. Ukimnyang'anya umemthibitishia.

La leo leo: alie chumba ambacho mlango unafungwa, peke yake, na mlango usifunguliwe mpaka amalize na kuondoka kwenye bakuli mwenyewe. Bakuli liondolewe akiwa hayupo. Hilo peke yake linawalinda watoto, na linamlinda yeye asije kuhukumiwa kwa kitu kinachozuilika.

Kazi ya kumbadilisha mawazo ni ya mtu mzima, watoto wasihusishwe. Pita mbali, umbali ambao haonyeshi kuganda, umrushie kipande kitamu kuliko kilichomo bakulini, endelea na safari yako. Usisimame. Rudia kwa siku nyingi. Ukimwona anainua kichwa kukutafuta kwa macho laini pale unapopita, ujue hesabu imegeuka: mtu akija, kinaongezeka. Hapo ndipo unasogea nusu hatua. Akiganda tena, umewahi, rudi ulikokuwa. Akishika kitu asichotakiwa, mbadilishie kwa kitu bora, usimfukuze wala kumpanua taya.

Kwa watoto: wasimkumbatie. Watoto hukumbatia kwa upendo, mbwa huona amebanwa asipoweza kutoka. Wasimfuate kwenye pembe yake, wasimguse akiwa amelala. Na asibaki na huyo wa miaka minne bila mtu mzima chumbani, hata dakika ya kwenda kuzima jiko. Sisemi hivi kwa sababu mbwa wako ni mbaya. Ningesema hivyohivyo kwa mbwa yeyote.

---

Mganga wa Kuku

Naunga mkono. Dada, mcheki meno na tumbo pia. Mbwa mwenye maumivu au minyoo mingi analinda chakula kuliko kawaida, na mafunzo hayatoi minyoo.

---

Upepo wa Usiku

Wangu anakojoa ndani. Nimemsugua pua kwenye mkojo kama tulivyoambiwa na wazee, haelewi. Alifungwa mnyororo tangu kijibwa.

---

Mwanzisha uzi

Mkuu, mbwa wa mnyororo amekula, amelala na kujisaidia mita mbili zilezile maisha yake yote. Hajavunja sheria, hajawahi kuona sheria yenyewe. Kumsugua pua kunamfundisha kitu kimoja, kwamba usimwone akikojoa. Ndiyo maana wengine hujificha nyuma ya makochi.

Mchukulie kama kijibwa hata kama ana miaka sita. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, kabla ya kulala, na katikati ya hapo mara nyingi kuliko unavyodhani anahitaji. Nenda naye hadi mahali palepale, simama kimya, akijisaidia mpe kitu kitamu hapohapo, usisubiri kurudi ndani. Akikosea ndani na hukumwona, futa tu. Usitumie sabuni yenye amonia, harufu yake inafanana na mkojo na inamwita arudie palepale. Zile za vimeng'enya ndizo zinazovunja harufu yenyewe.

Tofautisha kitu kimoja lakini. Anayekojoa kidogo huku amejikunja unapomsalimia hajakosea choo, ni hofu. Huyo usimwinamie, ingia nyumbani bila kumtazama, mkitoka nje ndipo umsalimie. Na aliyekuwa safi akaanza kukojoa ovyo ghafla apimwe, inaweza kuwa kibofu.

---

Kinyonga

Nichangie la kutoroka. Jirani alimchukua mmoja, akamvalisha ukosi, akamtoa getini. Pikipiki ikapiga honi, mbwa akarudi kinyumenyume, ukosi ukavuka masikio, kwisha. Alipatikana baadaye sana, tena kwa sababu alikuwa na njaa.

---

Mwanzisha uzi

Hiyo ndiyo hatari kubwa ya wiki za mwanzo na haizungumzwi vya kutosha. Mbwa mwoga hakimbii mbele, anarudi nyuma, na ukosi wa kawaida unatoka hivyo. Tumia mkanda wa kifuani wenye kamba ya ziada inayopita nyuma ya mbavu, sehemu ambayo hawezi kuipitisha kifuani, pamoja na ukosi wenye namba yako ya simu. Kamba mbili, moja kwenye mkanda na moja kwenye ukosi. Asiachiwe huru nje ya uzio hata kama ndani ya nyumba anakuja ukimwita.

Na akitoroka, msimkimbize kundi zima mkipiga kelele za jina lake. Jina lenyewe bado halijui. Kaa chini, mpe mgongo, weka chakula na kitambaa chenye harufu ya nyumbani pale alipoonekana mara ya mwisho.

---

Upepo wa Usiku

Nina mbwa mwingine wa zamani nyumbani. Huyu mpya anamwogopa. Niwaache wamalizane?

---

Mwanzisha uzi

Wasimalizane. Watoe wote wawili mahali ambapo si pa yeyote, kila mmoja na mtu wake, mtembee sambamba mkiwa mbali, mkikaribiana taratibu kadri wanavyotulia. Wakinusana, iwe kwa sekunde chache halafu endeleeni kutembea. Ndani wale mbalimbali, walale mbalimbali, vitu vya kutafuna visibaki sakafuni. Nikuambie ukweli, mbwa wa zamani mwenye akili tulivu anafundisha kuliko sisi sote. Popi alijifunza kupanda ngazi kwa kumtazama mwenzake, mimi nilikuwa nimeshakata tamaa na zile ngazi.

---

Kisiki

Mimi tena. Wangu sasa amenizoea, shida imegeuka: nikitoka analia, anakwaruza mlango hadi kucha zinatoka damu. Wenzangu wananiambia nimemharibu kwa kumdekeza.

---

Mwanzisha uzi

Hujamharibu. Amepata mtu wa kwanza wa kumwamini, na kila mlango ukifungwa anaona amerudi kule. Usimfungie kwenye banda dogo ukidhani utamzuia, mwenye hofu kali anaweza kuvunja meno kwenye nondo.

Anza na kuondoka kusiko kuondoka. Shika funguo, kaa chini. Vaa viatu, nenda jikoni. Funga mlango, fungua kabla hajaanza kulia. Sekunde, kisha dakika, na zisipande kwa mstari. Changanya ndefu na fupi asijue kukokotoa. Kipindi hiki chote jitahidi asiachwe zaidi ya anavyoweza, mtafutie mtu wa kukaa naye, kwa sababu kila hofu kamili inafuta kazi ya siku kadhaa. Ukirekodi kwa simu utaona ukweli: kama ndani ya nusu saa ya kwanza anahema, anatembea huku na huku na kudondosha udenda, hajachoka upweke, ana kihoro. Mwone daktari. Zipo dawa za kutuliza zinazosaidia mafunzo yashike, na kuzitumia si kushindwa.

---

Mama Wawili

Nimerudi. Bakuli limehamia chumba cha nyuma, mlango unafungwa, na mume wangu ndiye anayepita akirusha vipande, tena sasa anajiona mtaalamu. Jana alipopita mbwa aliinua kichwa na masikio yamelegea. Sasa ananuka vibaya mno, naweza kumwogesha?

---

Mwanzisha uzi

Shemeji hongera zake. Kuoga kusubiri. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mgongoni na mbavuni, akiondoka mwache aondoke. Usianze na uso wala miguu. Labda tu kama daktari amempa dawa ya kuogeshea ngozi, hapo ogesheni, mtu mzima mmoja, watoto wakiwa chumba kingine.